Chama Kilichozaa Makumbusho, Kisha Kikayaachia: Kisa cha Museum Hill, Nairobi

Kwenye kiwanja cha Museum Hill jijini Nairobi zimekaa taasisi mbili. Kubwa ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, shirika la umma lenye matawi kutoka Lamu hadi Kitale. Ndogo ni Nature Kenya, ambayo jina lake la zamani, na bado ni lake, ni East Africa Natural History Society. Asiyejua historia ataona hiyo ndogo imepewa pa kukaa kwa hisani. Mambo yalianza kinyume chake. Chama ndicho kilichoanzisha makumbusho, kikayatafutia pa kukaa, kikayahamisha mara mbili, kisha kikayaacha mikononi mwa watu wengine, chenyewe kikaendelea kuishi.

Kisa hiki nakichambua kwa sababu kila mwaka mahali fulani Afrika Mashariki watu kumi au ishirini huungana kuhifadhi historia ya eneo lao. Wanaokota vyungu vya mabibi, picha za kanisa la kwanza, jembe la mkono, hati za shamba, na punde wanataka nyumba ya kuvionyesha. Wengi huishia hapo, kwa sababu nyumba inakula chama. Chama cha Nairobi hakikuliwa. Nadhani kilinusurika kwa kuwa kiliachia umiliki kabla umiliki haujakiua. Lakini namna kilivyoundwa iliacha deni, na deni hilo halikufutika kwa kubadili jina langoni.

Chama kiliundwa mwaka 1909, kikiitwa East Africa and Uganda Natural History Society. Nairobi yenyewe ilikuwa na miaka kumi tu tangu reli ya Uganda ilipofika mwaka 1899, na mji ulikuwa bado wa mabati na tope. Waliokutana walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisionari na walowezi wenye mapenzi ya ndege, wadudu, mimea na wanyama. Alikuwemo Frederick Jackson, ofisa mkubwa wa serikali na mtaalamu wa ndege, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Walikuwemo pia wachungaji wawili wa Kianglikana: Harry Leakey wa misheni ya Kabete, na Kenneth St. Aubyn Rogers, mpenzi mkubwa wa vipepeo.

Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Kila mmoja alikuwa na masanduku nyumbani: ngozi za ndege, vipepeo waliochomwa pini, mafuvu, majani makavu. Vitu hivyo huliwa na mchwa, hupata ukungu, na mwenyewe akihamishwa kikazi hutupwa au hupelekwa London. Kwa hiyo hawakuanza na ndoto ya kuelimisha umma. Walianza na haja ya stoo. Mwaka 1910 wakapata pa kuweka mikusanyo yao, mahali ambapo leo pamesimama Nyayo House. (Wakenya wengi wakisikia jina la jengo hilo hukumbuka vyumba vya mateso vya miaka ya 1980. Wachache wanajua kwamba makumbusho ya kwanza ya mji yalikuwa kwenye kiwanja hichohicho.)

Mwaka huohuo wa 1910 chama kilianza kuchapisha jarida. Mtu anaweza kulipita jambo hili haraka, lakini kwangu ndilo lililoamua mengi yaliyofuata. Jarida halihitaji paa wala mlinzi. Linahitaji mhariri mkaidi na wanachama wanaolipa ada. Kwa kuwa nalo tangu mwanzo, chama kilikuwa na kazi isiyofungwa na nyumba. Siku nyumba ilipoondoka, kazi ilibaki.

Stoo ilijaa. Mwaka 1914 chama kilikuwa na msimamizi wa makumbusho, Mwingereza kijana aitwaye Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi, ambaye baadaye alikwenda kufanya kazi Chuo Kikuu cha Harvard. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaivuruga Afrika Mashariki yote. Mwaka 1922 mikusanyo ikahamishiwa jengo kubwa zaidi, pale ilipo leo hoteli ya Serena. Hapo chama kilikuwa kimefika mpaka wa uwezo wake. Ada za wanachama zinaweza kulipia kabati, spiriti ya kuhifadhia na mshahara mdogo. Haziwezi kujenga jumba la mawe.

Jumba lilipatikana kwa njia ya kifo. Sir Robert Coryndon, gavana wa Kenya tangu 1922, alikufa Nairobi ghafla mwaka 1925. Alikuwa ameunga mkono kazi ya chama, na marafiki zake walitaka kumbukumbu yake. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ikatenga ardhi juu ya kilima, ujenzi ukaanza, na tarehe 22 Septemba 1930 makumbusho mapya yakafunguliwa rasmi kwa jina la Coryndon Memorial Museum. Jina la chama halikuwa juu ya mlango.

Wengine husimulia jambo hili kana kwamba chama kiliporwa. Mimi siioni hivyo. Tazama walivyokuwa na vitu: maelfu ya vielelezo vilivyokusanywa kwa jasho, bila jengo la kudumu. Na walivyokosa: ardhi, fedha za ujenzi, na sheria ya kulinda mali baada yao. Serikali na marafiki wa Coryndon walikuwa na vitu hivyo vyote, ila hawakuwa na cha kuweka ndani. Makubaliano yalikuwa lazima yatokee, na yalipotokea, mwenye jengo ndiye aliyepewa jina. Makumbusho yakawekwa chini ya wadhamini, chama kikabaki chama.

Kuna mambo mawili ambayo chama hakikuyaachia. La kwanza ni jarida. La pili ni maktaba, au tuseme nusu ya maktaba. Vitabu na majarida ambayo chama kilikuwa kikiyapata, mengi kwa kubadilishana jarida lake na vyama vya nchi nyingine, viliunganishwa na vya makumbusho, na hadi leo maktaba ya Museum Hill ni ya pamoja. Kwa mtafiti wa Nairobi hiyo ni hazina. Kwa mchambuzi wa vyama ni jambo la kujifunza, maana ndoa ya mali kati ya shirika kubwa na chama kidogo mara nyingi humalizika kwa mdogo kumezwa. Hapa mdogo alikuwa na kitu ambacho mkubwa asingekipata kirahisi: mtiririko wa majarida kutoka nje ambao malipo yake yalikuwa jarida lake mwenyewe. Anayetaka kuingia ubia na serikali ya kaunti au na chuo angejiuliza kwanza ana kitu gani cha namna hiyo.

Mwaka 1941 usimamizi wa makumbusho ulianza kushikwa na Louis Leakey, mtoto wa yule mchungaji wa Kabete aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo wa chama. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakua akisema Kikuyu, na kazi yake ya kutafuta mabaki ya binadamu wa kale ilikuwa tayari imempa jina na maadui. Alikaa hadi 1961. Miaka ishirini hiyo ndiyo iliyogeuza stoo ya wapenda ndege kuwa makumbusho ya binadamu. Mwaka 1947 aliitisha Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale. Mwaka 1950 hifadhi kubwa ya mimea mikavu iliyoanzishwa na Wajerumani huko Amani, milima ya Usambara, ilihamishiwa Nairobi, ikawa jirani ya makumbusho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Leakey aliomba michango ya umma na kumbi zikaongezwa. Mwaka 1961 bustani ya nyoka ikafunguliwa, na hadi leo watoto wengi wa shule huikumbuka hiyo kuliko fuvu lolote.

Lakini katika yote aliyofanya Leakey, moja ndilo lenye uzito kwa kisa chetu. Aliwafungulia Waafrika na Waasia milango ya makumbusho, na kiingilio kikapunguzwa. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi kabla yake nyumba hii, yenye ndege wa Kakamega, wadudu wa Taita na mawe ya Naivasha, haikuwa ya watu wa Kakamega, Taita wala Naivasha. Chama kilikuwa na sayansi nzuri na mlango mwembamba. Wanachama wake walikuwa wasomi waaminifu kwa vielelezo vyao, na wengi wao hawakuona ajabu kwamba kijana aliyewaonyesha kiota cha ndege hangeweza kuingia kumwona ndege huyo akiwa kwenye kabati la kioo.

Ndiyo maana mwaka 1964, baada ya uhuru, kubadilisha jina kuwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya hakukuwa pambo. Kulikuwa ni kusema mali ni ya nani. Mwaka 1968 Richard Leakey, mtoto wa Louis, akapewa uongozi akiwa na umri wa miaka 23, bila shahada ya chuo kikuu, akakaa hadi 1989. Tunaweza kubishana juu ya familia moja kushika taasisi ya umma kwa muda huo, na Wakenya wamebishana sana. Hata hivyo ni katika miaka hiyo makumbusho yaliposambaa nje ya Nairobi: Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kitale na Meru mwaka 1974, Kisumu mwaka 1980. Fort Jesus ya Mombasa nayo iliingia chini ya mwavuli huo. Na mwaka 1971 likazaliwa kundi jingine la hiari, Kenya Museum Society, la marafiki wa makumbusho wanaochangisha fedha na kuandaa mihadhara na safari. Hapo palikuwa na vyama viwili vya raia vinavyozunguka taasisi moja ya serikali, na hilo si jambo la kawaida katika ukanda wetu.

Kipindi hicho kilileta pia kitu ambacho chama cha 1909 kisingekifikiria. Tembo Ahmed wa Marsabit, mwenye pembe ndefu kiasi cha kugusa ardhi, alikuwa amewekewa walinzi wa mchana na usiku kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1970. Alipokufa mwaka 1974, makumbusho yaliihifadhi mifupa yake na kutengeneza sanamu yake ya ukubwa kamili, ambayo wageni hupigia picha uani. Waanzilishi wangemtaka kwa ajili ya vipimo. Taifa lilimtaka kwa sababu lilikuwa limemjua kwa jina alipokuwa hai.

Turudi kwa chama, maana simulizi nyingi za makumbusho haya humwacha mzazi pale 1930 kana kwamba alikufa. Hakufa. Mwaka 1971, huku makumbusho yakifungua matawi, wanachama walianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, mahali pa kukutania pakiwa ni hapohapo makumbusho. Hawana jengo la kutunza wala mshahara wa kulipa katika shughuli hiyo. Wanakutana, wanaondoka kwa magari machache, wanahesabu ndege, wanarudi. Vijana wengi wa Kenya waliokuja kuwa wataalamu wa ndege na waongoza watalii walianzia kwenye matembezi hayo. Kwa kipimo changu shughuli hii moja imekibadilisha chama zaidi ya katiba yoyote iliyoandikwa upya, kwa sababu mtu hakuhitaji kupendekezwa na ofisa wa serikali wala kuwa na mkusanyo nyumbani. Alihitaji macho na Jumatano moja ya nafasi. Mwaka 1977 kamati ya ndege ikaanzisha jarida lake, Scopus. Katika miaka ya 1990 chama kikaanza kutumia jina la Nature Kenya, na tawi lake la Uganda likajitegemea kwa jina la NatureUganda.

Mfano bora wa chama na makumbusho kufanya kazi pamoja bila mmoja kumtawala mwenzake ni Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 huko Gede, pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa ukiliwa pole pole. Wanakijiji waliouzunguka waliona kwamba faida wanayopata ni tembo kuharibu mashamba na askari wa misitu kuwafukuza, na wengi walitaka ardhi igawanywe ilimwe. Wazo lilikuwa kuwafundisha wakulima kufuga vipepeo wa msitu huo na kuwauza kabla hawajaruka, wakiwa bado wamejifunga kwenye vifuko vyao, kwa bustani za vipepeo za Ulaya na Marekani. Makumbusho yalitoa kiwanja kwenye magofu ya Gede, utaalamu, na uzito wa jina la umma. Chama kilitoa mtandao wake wa wapenzi wa viumbe na watu wa kufuatilia wafadhili. Mfugaji anahitaji mimea ya chakula cha viwavi na vipepeo wazazi kutoka msituni, kwa hiyo msitu ukikatwa, kipato chake kinakatwa. Mkusanyo wa vipepeo ambao miaka ya nyuma ungeishia kwenye droo, sasa ulikuwa unalipa karo za shule.

Kulinganisha kidogo kutasaidia. Kitale palikuwa na makumbusho mengine, ya mtu mmoja. Hugh Stoneham, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa mlowezi, aliyaanzisha mwaka 1926 kutokana na mkusanyo wake wa wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya jamii za eneo hilo. Hakuwa na chama nyuma yake. Alipofariki mwaka 1966 mali iliachiwa umma kwa wosia, na mwaka 1974 Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa, ya kwanza ya taifa nje ya Nairobi katika bara. Vitu vilipona. Kilichokosekana ni watu. Nairobi ilipoikabidhi serikali makabati yake, ilibaki na kundi la kuisaidia, kuisuta na kuisukuma. Kitale ilikabidhi makabati peke yake, na kundi la aina hiyo likabidi lianzwe upya na watu wengine, kwa sababu zao wenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa chama cha kijiji au cha mtaa kichukue nini hapa, sianzi na jengo. Naanza na swali la ni kazi gani ya kila wiki itaendelea hata vyumba vikifungwa. Museum Hill yenyewe ilifungwa kwa ukarabati kuanzia Oktoba 2005 hadi 2008, ukigharimiwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya. Wakati huo wote chama hakikuhitaji kusimama. Kisha lije suala la mkataba: vitu vikikabidhiwa, nani ana haki ya kuvisoma, kuvikopa, kuvipinga visiuzwe? Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalipatia shirika la taifa mamlaka makubwa, na si rahisi kwa chama kidogo kuja kudai miaka thelathini baadaye jambo ambalo hakikuliandika siku ya makabidhiano.

Lililobaki ni lile deni. Vielelezo vya mwanzo viliandikwa jina la mwanachama aliyevileta, mahali na tarehe. Mara nyingi aliyepanda mti, aliyetega mtego, aliyejua ndege huyo hulala wapi, hakuandikwa. Makumbusho yalirithi daftari pamoja na tabia hiyo. Heselon Mukiri wa Kabete alifanya kazi na Louis Leakey tangu ujana wao, kuanzia safari za mwanzo za kuchimba hadi kisiwa cha Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu maarufu la nyani mkubwa wa kale aitwaye Proconsul. Ilipofika 1993 wanasayansi wakaipa spishi moja ya viumbe hao jina la *Proconsul heseloni*, kwa heshima yake. Kamoya Kimeu, aliyeongoza kundi la watafutaji na mwaka 1984 akaona kipande cha kwanza cha mifupa ya Kijana wa Turkana, mtoto wa binadamu wa kale, alijulikana mapema zaidi, na yeye naye ana viumbe wa kale wenye jina lake. Hao ni wawili. Daftari za 1910 ziko kwenye rafu, zina mahali na tarehe, na wazee wa Kabete, Taita na Kakamega bado wanazo hadithi za nani aliwahi kutembea na wazungu kutafuta ndege. Kazi ya kuoanisha hivyo viwili haihitaji jumba jipya. Inahitaji chama chenye wanachama wanaosema Kikuyu, Kitaita na Kiluhya, na sasa kinao.